Mwalimu Julius Kambarage Nyerere na Shule Iliyo Jirani na Kanisa

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini kitabu cha miaka mia moja ya usharika wa Kilutheri kitenge sura nzima kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa Mlutheri, wala hakuzaliwa katika Nyanda za Juu Kusini. Wamisionari waliotuletea Injili, wainjilisti wetu wa kwanza na wazee wa kanisa wanastahili heshima yao, na katika kitabu hiki wamepewa. Lakini historia ya kanisa katika sehemu hizi haiwezi kutenganishwa na historia ya shule, na historia ya shule katika nchi hii haiwezi kuandikwa bila kumtaja hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Serikali yake ndiyo iliyozitwaa shule zilizojengwa kwa mikono ya wazazi wetu. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyoifungua milango ya shule kwa watoto ambao wazazi wetu hawakuwa na uwezo wa kuwapokea. Mambo haya mawili yote ni kweli. Anayekumbuka moja na kulisahau la pili hatatambua ni kazi gani imeachwa mikononi mwa usharika leo.

SHULE NA KANISA KABLA YA UHURU

Mwaka 1891 wamisionari wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mwaka huo huo ndugu zetu wa Moravian walianza kazi Rungwe. Kutoka huko Injili ya Kilutheri ilipanda milima ya Ukinga, ikaenea Ubena na kufika Uhehe. Kila ilipofika, shule ilifika pamoja nayo. Mara nyingi jengo lilikuwa moja tu: Jumapili lilikuwa kanisa, na siku nyingine lilikuwa darasa. Mwalimu wa shule ndiye aliyekuwa mwinjilisti. Wazazi walifyatua matofali, walikata miti na kuezeka nyasi, na aliyefundisha alipata malipo madogo, pengine hakupata kitu ila chakula kutoka katika nyumba za wanafunzi wake.

Vita Kuu ya Kwanza vilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, na Vita vya Pili vilipowaondoa tena, wengi walidhani kwamba kazi ingekufa. Haikufa. Waliofundishwa walisimama wakafundisha wengine. Kwa hiyo kujitolea kwa ajili ya shule si jambo tulilofundishwa na wageni wa siku hizi, wala si jambo lililoanza na siasa. Ni sehemu ya mizizi ya kanisa letu.

Hata hivyo ni lazima tuseme kwamba shule hizo hazikuwatosha watu. Serikali ya Kiingereza ilitoa ruzuku kwa shule zilizofikia kiwango ilichokitaka, na shule nyingi ndogo za vijijini zilibaki nje ya ruzuku hiyo. Karo ilikuwa nzito kwa mkulima. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa kama mlango mwembamba ambao wengi waliufikia na wachache waliupita. Wasichana walibaki nyumbani. Mtoto wa maskini aliyekaa mbali na misheni hakuwa na shule ya serikali wala ya kanisa.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo ambalo halikujulikana sana nje ya eneo lake. Mama yake, Mgaya Nyang'ombe, alikuwa mmojawapo wa wake wengi wa chifu. Ingawa alikuwa mtoto wa chifu, maisha ya utoto wake hayakutofautiana sana na ya watoto wengine wa kijijini: alichunga mifugo, alilima, alikula walichokula wenzake.

Hakuanza shule mpaka alipofika umri wa miaka 12. Mwaka 1934 alipelekwa katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili nyingi kutoka nyumbani. Serikali ya kikoloni ilipenda watoto wa machifu wasome ili waje kuutumikia utawala wake, na hiyo ndiyo nafasi aliyoipata. Wenzake wengi waliokuwa wakichunga pamoja naye hawakuipata. Mtu anayetafuta chanzo cha bidii yake ya baadaye katika elimu hana haja ya kwenda mbali: alifahamu tangu utoto kwamba yeye alisoma kwa sababu ya nyumba aliyozaliwa, si kwa sababu alikuwa na akili kuliko wote waliobaki nyuma.

Mwaka 1937 alijiunga na Shule ya Serikali ya Tabora, shule iliyokuwa maarufu kuliko zote katika Tanganyika kwa Waafrika. Kutoka huko alikwenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, kusomea ualimu. Mwezi Desemba mwaka huo alibatizwa katika Kanisa Katoliki akachukua jina la Julius. Imani yake aliishika mpaka mwisho wa maisha yake, na alikuwa mtu wa ibada hata alipokuwa amezungukwa na mambo mengi ya utawala.

MWALIMU DARASANI

Alipomaliza Makerere mwaka 1945, alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Wamisionari wa Afrika, Mtakatifu Maria. Hapo ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza jambo linalohusu sura hii. Baada ya kazi yake ya mchana, Mwalimu alikuwa akiwafundisha watu wazima wa mjini lugha ya Kiingereza wakati wa jioni, bila malipo. Hakuagizwa na mtu, na hapakuwa na kampeni wala bango. Alikuwa na elimu, jirani zake hawakuwa nayo, na jioni zilikuwepo.

Mwaka 1949 alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi na shahada mwaka 1952. Aliporudi Butiama alijenga nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, akikanyaga udongo na kupanga matofali. Watu walishangaa, maana walitazamia kwamba aliyesoma Ulaya angewaamuru wengine wafanye kazi hiyo. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel Magige, akaanza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Mwaka huo wa 1953 alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Mwanzoni mwa 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa, akajiuzulu ualimu. Kwa muda alirudi kwao Musoma, akamfundisha padre wa shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki na kusaidia katika kazi ya tafsiri. Lakini jina la Mwalimu halikumwacha. Wengine huitwa kwa vyeo vyao; yeye aliitwa kwa kazi aliyoiacha.

UHURU NA KAZI YA MIKONO

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, watoto waliokuwa katika shule zote za msingi za nchi hawakufikia nusu milioni. Shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na fedha nyingi zaidi kwa kila mtoto zilikwenda kwa wale wachache. Moja ya mambo ya kwanza ya serikali mpya lilikuwa kuondoa mgawanyo huo.

Mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu cheo cha Waziri Mkuu akaenda kuzunguka vijijini. Ujumbe wake ulijulikana kwa maneno ya Uhuru na Kazi. Watu waliitikia kwa namna ambayo haikutegemewa. Katika nchi nzima vijiji vilijenga madarasa, zahanati, barabara na visima kwa nguvu zao wenyewe. Katika Iringa kazi hii ilipata msaidizi wa pekee, Lady Marion Chesham, mlowezi mwenye asili ya Marekani aliyeishi katika sehemu hizo na kuingia Bungeni kuwawakilisha watu wa Iringa kwa kuungwa mkono na TANU. Alishughulika na mfuko wa maendeleo ya jamii uliotafuta misaada ndani na nje ya nchi, ili wanakijiji waliokwisha kujenga kuta wapate mabati na saruji.

Katika miaka hiyo kulitokea tatizo ambalo linatufaa kulitafakari hata leo. Vijiji vilijenga madarasa mengi kuliko walimu waliokuwepo na kuliko fedha za serikali za kuwalipa. Wananchi waliokesha wakifyatua matofali waliona jengo lao limekaa tupu, mvua ikilibomoa, wakavunjika moyo. Somo lilikuwa wazi: mikono ya wananchi peke yake haitoshi, na serikali peke yake haitoshi. Anayejitolea anahitaji kukutana na mwenye wajibu, na mwenye wajibu asimwache aliyejitolea asimame peke yake.

Tena mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga sheria ya kulitumikia taifa baada ya masomo. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe na ya viongozi wengine. Aliona kwamba waliosomeshwa kwa jasho la wakulima walikuwa wanadai kulipwa kwa kila hatua. Hasira yake ilikuwa na sababu. Lakini tukio hilo lilionyesha pia jambo ambalo lingerudi tena baadaye: huduma inayoamriwa kwa sheria haina utamu wa ile inayotoka moyoni.

SHULE ZETU ZATWALIWA

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu alitoa mwezi Machi andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema ndani yake kwamba elimu ya kikoloni iliwaandaa wachache kuwa makarani na kuwatenga na jamii yao. Alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili kwa mtoto ambaye atabaki kijijini, si ngazi tu ya kupandia wachache. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1970 shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku ziliwekwa chini ya serikali. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikuwa changa bado, kwa kuwa lilikuwa limeundwa mwezi Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Kwa sharika nyingi za Nyanda za Juu Kusini hili lilikuwa tukio la uchungu. Shule iliyojengwa na baba kwa matofali ya udongo, na ambayo mama alibebea maji kichwani kutoka bondeni, sasa ilikuwa na jina jingine katika kibao chake. Walimu walikuwa watumishi wa serikali, na mchungaji aliyekuwa meneja wa shule akawa mgeni anayebisha hodi ili apewe kipindi cha dini.

Sababu za Mwalimu hazikuwa za kulichukia kanisa. Aliona kwamba mtoto wa Mwislamu, au wa mtu asiye na dini yoyote, alikuwa mgeni katika shule ya misheni, na kwamba nchi ambayo shule zake nyingi zinamilikiwa na madhehebu ingezaa raia wa madaraja mawili. Hapa Mlutheri mwenye kusoma historia ya kanisa lake hawezi kumpinga kwa urahisi. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani, akiwataka waanzishe na kuzitunza shule kwa ajili ya watoto wote, wavulana na wasichana. Hakuwaandikia maaskofu tu au matajiri. Aliwaandikia wenye serikali, maana aliamini kwamba kusomesha watoto wa mji ni wajibu wa mji mzima. Luther mwenyewe alipokuwa mwanafunzi Eisenach aliimba milangoni mwa watu kuomba mkate, na familia za mji huo zilimsaidia. Alijua kwamba mtoto maskini hasomi kwa sheria peke yake. Husoma kwa sababu pia yuko jirani anayemfungulia mlango.

Pamoja na hayo, hasara ilikuwapo. Kwa sharika nyingi, jengo lilipoondoka mikononi, moyo nao uliondoka. Ilikuwa rahisi kusema kwamba shule sasa ni ya serikali, basi serikali na itengeneze paa lake. Hilo ndilo jeraha la kweli la mwaka 1970.

AZIMIO LA MUSOMA

Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Madarasa ya kisomo yalifunguliwa chini ya miti, katika maghala na katika makanisa. Wengi wa waliofundisha walikuwa walimu wa shule za msingi baada ya saa zao za kazi, na wengine walikuwa wanakijiji waliojua kusoma, waliojitolea kwa posho ndogo ya shukrani. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza na kuchimba vyoo. Jambo alilolianza Mwalimu peke yake jioni huko Tabora sasa lilikuwa kazi ya taifa.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani. Ilikuwa ahadi kubwa kwa nchi maskini. Wanakijiji walijenga madarasa, na pale ambapo jengo halikuwa tayari watoto waliketi nje. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kazi ya ualimu vijijini huku wakifundisha, kwa msaada wa masomo ya posta na redio. Watu waliwaita walimu wa UPE, wakati mwingine kwa dharau. Lakini wapo watu wengi wenye vyeo leo waliofundishwa herufi ya kwanza na vijana hao. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamezidi milioni tatu, na kwa hesabu za serikali za mwaka 1986 watu wazima waliojua kusoma na kuandika walifikia kiasi cha 90 kwa 100.

Haki inatudai tuseme pia kwamba miaka hiyo ilikuwa miaka ya kuhamishwa. Katika mikoa yetu ya Iringa na Mbeya, kama kwingineko, watu wengi waliondolewa katika mashamba yao na kuwekwa katika vijiji, na wengine waliona nyumba zao zikibomolewa. Iringa ilikuwa imekwisha kuona damu siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipouawa Isimani katika ugomvi wa mashamba. Kijiji kilirahisisha kuweka shule karibu na watoto. Lakini kazi iliyokuwa ya kujitolea iligeuka kuwa ya zamu na faini. Mtu aliyekuwa akibeba tofali akiimba sasa alilibeba kwa kuhofia jina lake kuandikwa. Jina la kujitolea lilibaki, na maana yake ilikonda.

MIAKA YA DHIKI

Bei za mafuta zilipanda, ukame ulikuja, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za nchi. Shule za msingi ndizo zilizoumia kwanza. Vitabu vilikosekana, chaki ilikatwa vipande, mabati yaliyotoboka hayakubadilishwa. Watoto walibeba tofali au kipande cha gogo cha kukalia. Mishahara ya walimu haikutosha, na mwalimu alilazimika kulima au kuuza maandazi. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi walianza kutozwa tena, na ada ya UPE pamoja na michango mingine ikawa sababu ya mtoto kurudishwa nyumbani. Katika nyanda zetu, ambako mwezi Juni na Julai baridi hukata mifupa, mtoto asiye na sweta wala karo alikuwa na sababu mbili za kubaki jikoni. Wasichana wengi wa Iringa walipelekwa Dar es Salaam kuwa watumishi wa nyumbani, nao walikuwa watoto bado. Kisha UKIMWI uliingia katika mikoa yetu kwa ukali, na madarasa yakajaa yatima wanaolelewa na bibi zao.

Mwalimu aliachia urais mwezi Novemba 1985. Aliyaona matatizo hayo, na hakuficha kwamba serikali yake ilikosea katika baadhi ya mambo, hasa kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika, vyombo ambavyo vingewapa wananchi sauti katika shule na maendeleo yao. Si viongozi wengi wanaokubali jambo kama hilo wakiwa bado wanaheshimiwa.

KUSTAAFU NA KUFARIKI KWAKE

Alirudi Butiama kulima. Aliendelea kuitumikia dunia kama Mwenyekiti wa Tume ya Kusini, na katika miaka yake ya mwisho kama msuluhishi wa amani ya Burundi. Wakati huo huo alikuwa akiandika. Alikuwa amekwisha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na sasa aliziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996. Katika kazi hiyo mwalimu wa shule na Mkristo walikuwa mtu mmoja.

Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa ugonjwa wa kansa ya damu, akazikwa Butiama. Katika Kanisa Katoliki, Jimbo la Musoma lilianza mwaka 2005 hatua za kuuchunguza utakatifu wa maisha yake, na waumini wake humwita Mtumishi wa Mungu. Sisi Walutheri hatuna desturi hiyo, lakini tunajua kumshukuru Mungu kwa watumishi wake.

DENI LILILOBAKI KWETU

Mengi yamebadilika tangu alipofariki. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002 ulijenga madarasa mengi. Mwezi Januari 2016 michango ya lazima iliondolewa na elimu ikawa bila malipo mpaka kidato cha nne. Kila mara milango ilipofunguliwa, watoto walimiminika, na kila mara madawati, walimu na vyoo havikutosha. Lililotokea baada ya Musoma limetokea tena.

Kanisa nalo limerudi katika elimu. Tangu makubaliano ya Februari 1992 kati ya Serikali na makanisa juu ya huduma za jamii, dayosisi zetu zimeanzisha shule za sekondari, vyuo na shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Ni kazi njema, na usharika unajivunia haki yake ya kuifanya. Lakini shule hizo zinatoza ada, maana hazina njia nyingine ya kuishi. Mtoto wa mjane hamo ndani yake. Yumo katika shule ya serikali iliyo ng'ambo ya uwanja wa kanisa, ile ile iliyojengwa na babu zetu, darasani pamoja na wenzake themanini au zaidi. Kama kanisa litawatunza tu wale wanaoweza kulipa, basi tutakuwa tumeirudisha sisi wenyewe shule ya wachache ambayo Mwalimu alipigana nayo, na safari hii bila kulazimishwa na mkoloni.

Wageni wetu wametuonyesha mfano. Huko Pommern, kituo cha zamani cha Misheni ya Berlin katika Iringa, wageni wa kujitolea kutoka ng'ambo wamefika kwa miaka mingi kufundisha na kujenga pamoja na wenyeji. Uhusiano wa Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul ya Marekani, uitwao Bega kwa Bega, umewasomesha vijana wengi. Tunawashukuru. Lakini mgeni hukaa wiki tatu au miezi mitatu, kisha hupanda ndege. Mwalimu mstaafu anayeishi nyuma ya kanisa hapandi ndege. Yeye anaweza kufundisha hesabu darasa la saba kila Jumanne na Alhamisi mpaka watoto wafanye mtihani. Fundi seremala wa usharika anaweza kukarabati madawati matano kwa mwezi. Umoja wa Wanawake unaweza kusimamia uji wa mchana, kila nyumba yenye uwezo ikitoa debe la mahindi baada ya mavuno na kuwahesabia wale wasio na uwezo. Vijana wa kwaya wanaweza kuchimba shimo la choo cha wasichana. Mambo haya hayahitaji mkutano wa dayosisi. Yanahitaji kamati ya shule iulizwe, mwalimu mkuu aheshimiwe, na serikali ya kijiji ijulishwe, ili mikono ya wanaojitolea ikutane na wajibu wa serikali, nasi tusijenge tena darasa litakalokaa tupu.

Nehemia alipoujenga ukuta wa Yerusalemu, kila mtu alijenga mahali palipoelekea nyumba yake. Hakuna aliyeuliza ukuta huo ni wa nani. Wajumbe wa serikali ya mfalme, makuhani, wafua dhahabu na binti za watu walishika mawe pamoja, maana ukuta ukianguka waliokaa ndani yake wangeumia wote.

Usharika unapoanza miaka mia ya pili, sehemu ya ukuta inayoelekea nyumba yetu ni shule ile. Ilitoka mikononi mwetu kwa sheria. Haiwezi kurudishwa mioyoni mwetu ila kwa hiari. Mungu aliyewapa wazee wetu nguvu za kufyatua matofali ya kwanza, na aliyempa Mwalimu macho ya kumwona mtoto aliyeachwa nje ya mlango, atupe sisi nasi saa moja ya jioni zetu, na moyo wa kuitoa bila kuamriwa.